Mgeni wa Sultani

Katika nyumba yangu mimi ndiye ninayelipa umeme na maji. Mimi ndiye ninayepanda baiskeli alfajiri hadi Deep Sea kungoja boti za dagaa, na mimi ndiye niliyeusimamisha upya ukuta wa uani baada ya mvua za masika kuulaza chini. Nilidhani kwa sifa hizo, siku likizuka suala la nani aishi humu na nani asiishi, angalau ningeulizwa. Sikuulizwa. Aliyeamua ni paka.

Paka mwenyewe anaitwa Sultani. Jina hilo alipewa na binti yangu wa mwisho siku alipoletwa kutoka Pangani ndani ya kikapu cha ukindu, mdogo hata akalala kwenye kandambili moja na nafasi ikabaki. Mimi nilitaka aitwe Askari, kwa sababu aliletwa kwa kazi na kazi yenyewe ilijulikana. Nyumba zetu hizi za Ngamiani ni za siku nyingi, na huko darini panya wamejenga mji wao, nao bila shaka wana barabara za namba kama sisi wa huku chini. Usiku unawasikia wakihamisha vitu. Sultani naye huwasikia. Husimamisha sikio moja, akaitafakari hali, kisha akalilaza.

Makao yake siku hizi ni juu ya cherehani ya mama watoto, pale penye kitambaa cha kufunikia. Mteja akija kuchukua gauni lake anaambiwa arudi jioni kwa kuwa "kalala." Mimi nikijinyoosha mchana baada ya wali naambiwa nimezeeka.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu panya, maana linanikaa rohoni. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, lipo shirika liitwalo APOPO ambalo hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa nchi hii hii, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na silaha nyingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu ya ushujaa. Panya! Akastaafu mwaka 2021 kwa heshima zake, akafa Januari 2022, na magazeti ya dunia yakaandika tanzia. Sasa niambie. Panya wa Morogoro anavuka bahari kwenda kazini, na paka wangu anashindwa kuvuka ukumbi. Siku hizi nikisikia vishindo darini hata hasira sipati. Huenda wanajiandaa kwa mtihani wa kujiunga.

Huyo Sultani ndiye aliyejipa madaraka ya kukaribisha wageni.

Shume alianza kuonekana juu ya ukuta mwishoni mwa masika. Ukuta mpya, ule ule niliojenga mimi. Kila mtaa una shume wake na kila mtu anamfahamu: dume lisilo na kwao, kichwa kikubwa, mashavu yamejaa, linatembea juu ya kuta za watu saa nane za usiku likiimba. Huyu wetu ni wa manjano, manjano ya kanzu iliyofuliwa na kitu kingine. Sikio la kushoto limepasuka mahali pawili, na mkia una kona mahali ambapo mkia haukupaswa kuwa na kona.

Nilipomwona nilifurahi, sifichi. Nilijua kinachofuata: madume mawili, ua mmoja. Nikavuta kigoda, nikamimina kahawa, nikakaa kungoja Sultani apigwe apate akili.

Sultani akateremka kutoka kwenye cherehani, jambo ambalo peke yake lilikuwa tukio, akatoka uani mkia wima. Shume akashuka ukutani. Wakasogeleana mpaka pua zikagusana. Nikaweka kikombe chini. Kisha Sultani akaegemeza shavu lake kwenye shavu la shume, akalisugua kuanzia kwenye ndevu hadi begani, taratibu, akageuka akarudia upande wa pili. Shume, mla majalala, bingwa wa mtaa mzima, akafumba macho. Haikupita muda Sultani akaanza kumlamba lile sikio bovu. Kahawa yangu ikapoa nikaimwaga.

Nikamuuliza bwana mifugo anayepitapita kwa mbuzi wa jirani. Akanieleza kwa utulivu wa mtu asiyelisha paka. Kwanza, akasema, Sultani alihasiwa akiwa mdogo, kwa hiyo machoni pa shume si mshindani, hakuna wanachogombania. Pili, mkia ukisimama wima kwa paka hiyo ni salamu. Tatu, mashavuni mwa paka kuna tezi za harufu, na paka waliopatana husuguana kila siku mpaka harufu zao zichanganyike, ndivyo wanavyotambuana kuwa ni wa kwao.

"Yaani kwa sasa, mzee wangu," akamaliza, "huyo wa nje ananuka nyumba yako."

Maneno hayo yalinikalia siku nzima. Mama watoto anapiga deki asubuhi na jioni, anachoma udi kila Ijumaa, halafu harufu ya nyumba yangu inavaliwa na shume na kutembezwa jalala kwa jalala Ngamiani nzima, tena usiku, tena ikiimba.

Aliniongezea na hili: paka wakubwa hawaliliani nyau wao kwa wao. Wana milio mingine ya kugombana na ya kutongozana, lakini nyau ile ya kuomba wameiweka kwa ajili yetu binadamu. Na ni kweli. Shume alipokuja alikuwa bubu kabisa mbele za watu. Sasa anasimama mlangoni mwa jiko, ananitazama usoni na kunisemesha. Aliyemfundisha namjua.

Lakini haya yote ningeyameza kama si suala la bakuli.

Sultani hula dagaa mchele waliochemshwa wakachanganywa na ukoko wa ugali, katika bakuli la bati lenye maua ambalo rangi imebanduka ukingoni. Zamani alikuwa akila lote, akililinda kwa mkono mmoja hata kama hakuna anayelitaka. Siku hizi anaanzia upande mmoja. Anakula upande huo tu, anafika katikati, anasimama. Anarudi nyuma hatua mbili, anaketi, anatazama ukuta. Chini ya ukuta kuna tundu la kutolea maji, na hapo ndipo kinapochomoza kichwa, kwa shida, kwa sababu mashavu yale hayapiti kwa pamoja. Lazima aingize la kulia, azungushe shingo, ndipo la kushoto lifuate. Akishaingia anajikung'uta, ananipita bila salamu, anainama kwenye nusu yake. Anakula huku ananguruma kooni, dagaa wanavunjika kwa sauti, na sikio lililopasuka linachezacheza. Akimaliza analilamba bakuli kwa nguvu mpaka linasogea, linakwaruza sakafu, linafika kwenye kizingiti. Na hapo Sultani ananiangalia. Si shume anayeniangalia, ni Sultani. Mwenyeji anaona haya, chakula hakikumtosha mgeni wake.

Basi tunaongeza. Ninaposema tunaongeza, maana yake naongeza.

Na dagaa hawatoki bombani. Wa bahari huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta, wanakusanyika chini yake, ndipo wavu unashushwa. Mwezi ukipevuka bahari nzima inakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haiwadanganyi tena, na boti za dagaa hukaa ufukweni hadi giza lirudi. Siku hizo ukifika sokoni, ama fungu limepungua na bei ile ile, ama fungu ni lile lile na bei imepanda. Muuzaji ndiye anayekuchagulia maumivu. Zamani Sultani peke yake alikuwa akivumilia siku za mwezi mpevu kwa ukoko na mchuzi. Wawili hawavumilii. Wawili wana umoja, na umoja una madai.

Binti yangu akaona afidie kwa maziwa, maana kwenye katuni zote anazotazama paka hunywa maziwa. Kumbe paka wengi wakishakua tumbo halihimili tena sukari iliyomo kwenye maziwa. Hilo nalo bwana mifugo alinieleza vizuri sana, ila alinieleza wakati nimeshika ndoo ya maji na fagio la chelewa, uani, naosha matokeo. Na maziwa yenyewe yalikuwa ya chai yangu.

Siku hiyo hiyo, fagio likiwa bado mkononi, nikaamua yaishe. Mji wetu unajulikana kwa msemo wa Waja Leo Waondoka Leo. Nikasema huyu wa kuja ameshakuja, sasa tutekeleze ile nusu ya pili. Mama, ambaye ukimwita kwa chakula lazima umwite mara tatu, akasikia fagio likibadilisha mwelekeo.

"Mwanangu, waenda wapi na fagio?"

"Namtoa shume, mama."

"Wamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka?"

Kila aliyepita chuoni kwa maalimu anamjua. Ni katika hadithi za Mtume: alimfungia paka ndani, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Lakini nikaona nina hoja. Nikamwambia mama, kwa adabu zote, kosa la yule mwanamke lilikuwa ni kufungia. Mimi sijamfungia mtu. Mimi ndiye ninayetaka atoke! Wadudu wa ardhini wako tele, na wa darini ndio kabisa, akijaaliwa atakula mpaka Idi.

Mama akanitazama kidogo. "Haya. Na Abu Huraira?"

Nikajua nimekwisha. Sahaba mkubwa, mpokezi wa hadithi nyingi kuliko masahaba wenzake wote, na watu walimwita baba wa kipaka kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akitembea naye. Hushindani na mtu wa daraja hilo ukiwa umeshika fagio la chelewa.

"Tena paka wa nyumba haingwi," akaongeza mama, akirudi kwenye tasbihi yake.

"Lakini mama, huyu si wa nyumba."

"Basi mbona ananuka nyumba?"

Habari za harufu nani alimfikishia, mpaka leo sijui.

Kijana wangu wa kidato cha nne naye hakunisaidia. Yeye ana jibu la kila jambo. Akaniambia nisimlaumu shume, paka wote wa majumbani duniani asili yao ni paka pori wa Afrika na nchi za Mashariki ya Karibu, na hakuna aliyewaalika. Wakulima wa kwanza walipoanza kuweka nafaka ghalani panya wakafuata nafaka, na paka wakafuata panya. Tena wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Kupro kaburi la miaka kama 9,500, mtu kazikwa na pembeni yake kazikwa paka. Nikamjibu kwamba nimesikia, ila arudie pale pa katikati. Wakafuata nini? Panya. Hao wa zamani walijileta wenyewe, lakini walijileta kazini.

Na kwa kweli hilo ndilo lilikuwa tumaini langu la mwisho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la paka ni panya. Nikajisemea, huyu si mtoto wa kikapu kama Sultani. Huyu amekulia kwenye mitaro na nyuma ya mabucha, ana njaa, ana kucha, ana sifa mbaya. Tukimwachia ua kwa wiki chache dari litanyamaza.

Kumbe njaa ndiyo iliyokuwa ikimfanyisha kazi. Alipoonja dagaa waliochemshwa, jembe akaliweka chini. Sasa Sultani analala juu ya cherehani, na shume amechagua chini yake, pale pa kukanyagia kwa miguu, chuma kinampoza tumbo. Cherehani imekaliwa juu na chini. Mama watoto anashona kwa mkono, na anashona akinong'ona. Panya nao wameona hali ilivyo. Usiku wanashuka hadi jikoni kumalizia bakuli, kwa mpangilio, wakubwa kwanza.

Kisha bwana mifugo akaja na la kuja nalo. Kama wa nje anakula bakuli moja na wa ndani, akasema, wote wawili lazima wachanjwe, maana kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa. Hapo sikubisha. Ugonjwa ule dalili zikishatoka hauna tiba, na nyumba yangu ina watoto. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule aliyemchanja mtu wa kwanza dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1885. Karibu na tarehe hiyo zoezi la chanjo likafika kwetu, bure.

Sultani alibebwa na binti yangu katika kikapu, na kitambaa chake cha cherehani akafunikwa nacho asipate upepo. Shume alikuwa fungu langu. Nilimwingiza kwenye tenga la kuku kwa msaada wa dagaa na majirani wawili, nikalifunga juu ya keria kwa mipira ya tairi, nikapanda. Sauti iliyotoka mle ndani siwezi kuiandika. Kwenye kijiwe cha kahawa watu waliacha bao. Mzee mmoja, kashata mkononi, akauliza kuku huyo ni wa aina gani. Nikamjibu ni wa kienyeji, nikaongeza mwendo.

Pale kwenye chanjo foleni ilikuwa ya mbwa watupu. Shume akanyamaza ndani ya tenga, akawatazama mmoja mmoja kupitia kwenye matundu, na nashuhudia kwamba mbwa mmoja mkubwa wa kulinda godauni alijificha nyuma ya mwenyewe. Tukafika mezani kwa kijana mwenye daftari.

"Jina la paka?"

Nikasema hana jina. Kumwita jina ningemwitaje, na mimi ndiye ninayetaka aondoke?

"Anaitwa Shemeji," binti yangu akasema.

Ndiyo mara ya kwanza nalisikia. Kumbe nyumba nzima wanalijua, jina amempa mama watoto, na sababu anaijua mdogo wangu wa Muheza, yule anayetutembelea bila taarifa, akala, akalala, akaondoka na mwavuli.

"Jina la mwenye paka?"

Hakuna aliyejibu. Nikatazama juu kama mtu anayeangalia mvua. Binti yangu akavuta pumzi, akataja majina yangu yote matatu kwa sauti ile wanayofundishwa kusomea mbele ya darasa. Kijana akaandika, akagonga muhuri, akanikabidhi kadi. Kadi haisemi shume, wala haisemi mgeni wa Sultani. Inasema wangu.

Tulipokuwa tukifunga tenga bwana mifugo akanivuta pembeni akanishauri jambo la kirafiki: nimhasi. Atapunguza kupigana, ataacha kuimba usiku, na hatazurura tena, atatulia nyumbani. Nikamwomba arudie hilo la mwisho. Hatazurura tena. Yaani nitoe hela yangu mfukoni ili asiondoke.

Sasa natoa tangazo. Kama kuna mtu yeyote kati ya Chuda na Makorora aliyepotelewa na paka dume wa manjano, sikio la kushoto limepasuka mahali pawili, mkia una kona, anaitikia jina la Shemeji akisikia sufuria, aje amchukue. Aje mchana, mama akiwa amelala. Kadi ya chanjo nitampa bure. Dagaa tutahesabiana, na hesabu inaanzia mwishoni mwa masika.